Ile pembetatu haikuwekwa kichwa chini

“Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, upande wa Nzuguni hapa Dodoma. Barabara ya mtaa wetu ilipowekwa lami ilivushwa ng'ambo ya barabara nyingine ya lami iliyotangulia, ikawa njia panda ya pande nne. Tangu hapo bodaboda na magari wanagongana, na wiki iliyopita mwanafunzi aliyekuwa amepakiwa alivunjika mguu. Upande wetu kuna kibao cha pembetatu nyeupe yenye ukingo mwekundu, kimesimama kwa ncha na hakina maandishi. Wengine wanasema fundi alikiweka kichwa chini. Madereva nao wanabishana: huyu anasema anayetoka kulia ndiye mwenye haki, yule anasema mwenye barabara pana, mwingine anasema anayewahi. Kwenye kikao tumekubaliana tuchange, fundi wa kuchomelea atutengenezee vibao vinne vya STOP, tuvisimike pande zote. Kuna ubaya? Na kwa nini alama moja ina pembe nane na nyingine tatu?”

Pole sana kwa mwanafunzi wenu na familia yake, na hongereni kwa kukaa kikao mapema. Najua mnataka kuamua, kwa hiyo nianze na jibu fupi. Kibao kiko sawasawa, fundi hakukosea. Vibao vinne vya STOP msivisimike. Nguvu mliyotaka kuiweka hapo ina kazi yenye faida zaidi kwenye hiyo njia panda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya panga na fyekeo, si ya mashine ya kuchomelea.

Pembetatu iliyosimama kwa ncha ni alama ya kupisha. Inamwambia dereva anayeikuta: barabara iliyo mbele yako ndiyo yenye kipaumbele, punguza mwendo, tazama pande zote, usiingie kama kuingia kwako kutamfanya wa kule akanyage breki au akukwepe. Si lazima usimame ikiwa njia ni nyeupe. Ukikuta pembenane nyekundu, hapo magurudumu lazima yasimame kabisa kwenye mstari, hata kama ni saa nane usiku na barabara ni tupu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayotuongoza kwenye suluhisho lenu, nitairudia.

Sasa kwa nini imegeuzwa? Angalieni alama za tahadhari tulizozoea, za kona kali, matuta, watoto wanaovuka. Zote ni pembetatu na zote ncha yake inatazama juu. Moja tu ndiyo inayotazama chini. Waliobuni mpangilio huu walitaka dereva aitambue hata kama hawezi kuona kilichochorwa ndani yake, ndiyo maana haihitaji maandishi. Mtu unayemfahamu humtambua kwa mwendo wake kabla hujaiona sura. Alama ya kupisha nayo hutambulika kwa umbo tu, hata ikiwa imejaa vumbi, imepauka, au inaonekana kwa nyuma. Hili la kuonekana kwa nyuma wengi hawalifikirii. Dereva aliye kwenye barabara kuu huona mgongo wa kibao, na kwa umbo lake anajua kwamba wa kule ameambiwa apishe.

Haya hayakuanza siku moja. Mkataba wa kimataifa wa magari uliofikiwa Paris mwaka 1909 ulikuwa na alama nne tu, zote za tahadhari: bonde la barabarani, kona, njia panda na makutano ya reli. Hakuna iliyosema nani atangulie. Kibao cha kusimama kilianza kutumika Detroit, Marekani, mwaka 1915, kikiwa mraba mdogo mweupe wenye herufi nyeusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wahandisi wa barabara wa majimbo ya Bonde la Mississippi wakakaa kupanga maumbo. Wazo lao lilikuwa kwamba pembe zikizidi, hatari imezidi. Duara, ambalo pembe zake hazihesabiki, wakalipa makutano ya reli. Pembenane ikawa ya kusimama. Mraba uliosimama kwa ncha ukawa wa tahadhari, mstatili ukawa wa maelezo. Pembenane ikavuka bahari na leo iko karibu dunia nzima. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani uliruhusu namna mbili za kibao cha kusimama: pembenane nyekundu, au duara lenye pembetatu ya kupisha ndani yake. Uingereza ilitumia hilo duara mpaka mwaka 1975, kisha nayo ikahamia kwenye pembenane.

Rangi ina habari yake, na habari hiyo inatuhusu sana sisi wa Dodoma. Tangu mwaka 1924 Wamarekani walitamani kibao cha kusimama kiwe chekundu, ila hawakuwa na rangi nyekundu inayoweza kuhimili jua. Kwa hiyo kwa miaka mingi kikawa cha njano, na mwaka 1954 tu ndipo Marekani ilipokiweka rasmi chekundu chenye herufi nyeupe, baada ya kupatikana rangi inayodumu. Jua letu la hapa halina huruma kwa rangi nyekundu. Mmeona wenyewe mabango ya biashara yanavyogeuka ya waridi, kisha meupe. Kibao kikipauka hivyo, kinachobaki kumsemesha dereva ni umbo. Ndiyo sababu nawaomba msidharau suala la pembe, na ndiyo sababu kibao kilichokatwa kwa kukadiria, kikatoka na pembe saba au umbo la yai, kina madhara.

Alama ya kupisha ni changa kidogo. Ulaya, Chekoslovakia ilianza na pembetatu iliyogeuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Marekani, askari polisi aliyeitwa Clinton Riggs ndiye aliyebuni ya kwao, ikasimikwa mara ya kwanza mjini Tulsa mwaka 1950. Riggs alikuwa na nia mbili. Ya kwanza, kuongoza magari. Ya pili, kumaliza ubishi baada ya ajali: mwenye kibao upande wake akigonga au akigongwa kwa kutopisha, ijulikane kosa ni la nani. Kwa hiyo madereva wenu wanapobishana hapo njia panda, jibu limesimama kwenye nguzo. Anayetoka upande wenye pembetatu ndiye anayepisha, awe na bodaboda au Fuso, atoke kulia au kushoto.

Hata hivyo kila mmoja wa wale watatu ana pa kulitoa neno lake, na inafaa muwaeleze kwa heshima, kwa sababu mtu huacha kosa akielewa lilikotoka.

Wa “anayetoka kulia” amelitoa kwenye kipilefti. Pale ni kweli: anayeingia humpisha aliye tayari ndani ya mzunguko, na kwetu tunaoendesha kushoto huyo hutokea kulia. Hata kanuni hiyo ilibidi itafutwe. Mizunguko ya zamani ilikuwa ikijifunga yenyewe kwa sababu wanaoingia walijaza nafasi na waliomo wakashindwa kutoka. Uingereza ilipoweka mwaka 1966 kwamba anayeingia ampishe wa kulia, mizunguko ikafunguka. Njia panda ya kawaida si mzunguko. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani, nao wa mwaka 1968, unasema wazi kwamba katika nchi zinazoendesha kushoto kipaumbele kwenye makutano kiamuliwe na alama, taa au michoro ya barabarani. Palipo na kibao, kibao ndicho kinachosema. Akiwepo trafiki anayeongoza kwa mikono, yeye ni juu ya kibao na juu ya taa.

Wa “anayewahi” amelitoa kwenye kanuni ya njia panda zenye STOP pande zote nne, zinazotumika sana Marekani na Afrika Kusini, ambako aliyefika na kusimama kwanza ndiye anayeondoka kwanza. Wa “barabara pana” hana pa kuegemea. Mhandisi hutazama barabara ipi inabeba magari mengi yanayopita moja kwa moja, ile nyingine anaiwekea kibao. Upana hauna sauti hapo.

Tuje kwenye kiini. Ajali ya njia panda mara nyingi hutokana na kutoonana kwa wakati. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Bodaboda aliyesimama kwenye mstari anahitaji kama sekunde tano kuondoka, kuvuka njia mbili na kuutoa mkia wake upande wa pili. Zidisha: mita 70. Asipoweza kuona mita 70 kila upande akiwa pale kwenye mstari, anavuka kwa bahati. Fuso lililopakia huchukua sekunde nane au zaidi, nalo linahitaji zaidi ya mita 110. Na kama magari ya barabara kuu yanapita kwa kilomita 80, kama ninavyoshuku yanavyofanya kwenye lami mpya, hata bodaboda anahitaji hizo mita 110.

Hayo ni kwa aliyesimama. Aliyekuta pembetatu haambiwi asimame, anaambiwa awe tayari. Akija kwa kilomita 30 kwa saa, tangu aone hatari mpaka asimame hutumia takriban mita 30, na nyingi ya hizo zinaishia kwenye kufikiri kabla mguu haujafika kwenye breki. Maana yake, akiwa mita 30 kabla ya mstari lazima awe tayari anaiona barabara kuu pande zote mbili. Pembetatu inataka uwanda ulio wazi. Pale ambapo barabara kuu hufunguka machoni mwako ukiwa umeshafika kwenye mstari, pembetatu haitoshi, hapo ndipo mahali pa pembenane. Huo ndio msingi wa kuchagua kati ya kibao kimoja na kingine: unaona nini, na ukiwa wapi. Wingi wa magari peke yake hauamui.

Kwa hiyo fanyeni kipimo. Nendeni wawili au watatu, mchana, mmevaa nguo za rangi kali, na mmoja awe mlinzi wa kutazama magari tu. Pimeni mita 30 kabla ya mstari upande wenu, kisha mtu achuchumae pembeni, nje ya lami, macho yake yawe kama mita moja kutoka ardhini, kwa sababu huko ndiko yaliko macho ya dereva wa gari dogo. Mwingine atembee kando ya barabara kuu mpaka mita 70 kutoka njia panda. Mnaonana? Rudieni pembe ya pili. Kisha rudieni mkiwa kwenye mstari wenyewe. Andikeni kinachoziba kila mahali.

Naweza kukisia mtakachokikuta, kwa maana Dodoma inajengwa kwa kasi na viwanja vya pembeni ndivyo vinavyogombewa. Ukuta wa uzio uliofikishwa mpaka kwenye pembe. Kibanda cha chipsi au cha miamala. Rundo la matofali na mchanga wa mwenye ujenzi. Lori linalolala hapo. Michongoma. Mwarobaini uliopandwa kwa nia njema na sasa matawi yake yako usawa wa kioo cha gari. Na kuna jambo la majira: kiwanja kisichojengwa mwezi wa Oktoba ni peupe, ukirudi Februari mahindi na alizeti vimesimama kuliko mtu. Njia panda ileile inakuwa salama kiangazi na hatari wakati wa mvua, na watu wakaapa kuwa hakuna kilichobadilika.

Kuna swali nawauliza ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mmeniambia upande wenu kuna kibao. Upande unaotazamana na wenu je? Mnasema barabara ilivushwa ng'ambo baadaye. Mara nyingi kibao cha kwanza huwekwa wakati makutano yana pande tatu, kisha wa nne unafunguliwa na hakuna anayekumbuka kuuwekea. Dereva anayetoka huko haoni kitu, lami imenyooka mbele yake, anaamini yuko kwenye barabara yenye haki. Anapita. Wa barabara kuu naye anaamini ana haki. Wote wawili wana imani, hakuna anayepunguza. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, mmeshapata sehemu kubwa ya chanzo, na kibao kimoja cha halali kitaokoa kuliko vinne vya kujitengenezea.

Kwa nini navipinga hivyo vinne? Sababu ya kwanza ni tabia ya binadamu. Dereva wa barabara kuu akilazimishwa kusimama mara kumi mahali ambapo haoni sababu, ya kumi na moja atapunguza tu, ya ishirini hatapunguza. Wakati huohuo yule wa mtaani atakuwa ameanza kuamini kwamba wa kule atasimama, ataingia bila kutazama. Hapo mtakuwa mmetengeneza ajali mbaya kuliko za sasa. Sababu ya pili ni usiku. Kibao halali kina karatasi maalumu yenye chembe za kioo zinazourudisha mwanga wa taa kwa dereva mwenyewe. Rangi ya kopo hairudishi mwanga hivyo, na taa za bodaboda wengi ni hafifu. Sababu ya tatu ni sheria: kibao kisichowekwa na mamlaka ya barabara hakimfungi dereva, na siku ya ajali kitawaletea ninyi maswali. STOP ya pande nne hufaa mahali ambapo barabara mbili zina magari yanayokaribiana kwa wingi, kasi ni ndogo na pembe zote zimezibwa kwa namna isiyoondoleka. Sioni kwamba kwenu ndivyo.

Lipi basi lifanyike? La kwanza ni kusafisha pembe, na hilo mnaliweza wiki hii: punguzeni matawi ya chini bila kuukata mti, zungumzeni na mwenye kibanda asogee, mwenye matofali ayahamishe, na wenye viwanja wapande karanga au kunde kwenye pembe badala ya mahindi. La pili ni kuomba kibao upande usio na kibao, na mstari kwenye lami pande zote mbili za barabara ndogo. Mstari wa kupisha huwa wa vipandevipande, wa kusimama huwa mzima. Kama kipimo chenu kimeonyesha kwamba mita 30 nyuma hamuoni kitu na ukuta hauondoleki, ombeni pembetatu zibadilishwe kuwa pembenane, kwenye barabara ndogo tu.

Matuta yatatajwa, siku zote hutajwa. Yanapunguza kasi kweli, na kwa sababu ya wanafunzi ningependa tuta pana lenye zebra juu yake kwenye barabara kuu. Lakini tuta lisilo na alama wala rangi humwangusha bodaboda usiku, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali analisikia mifupani. Rasta, yaani vituta vyembamba vya mfululizo, ni nafuu, ila kazi yake ni kuamsha dereva, halazimiki kupunguza. Kipilefti kidogo ndicho ninachokipenda zaidi kwa mahali kama hapo, nami nitalisema bila kificho. Njia panda ya pande nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari hukatana, huungana au hutengana; kipilefti cha njia moja kina nane, na kila anayeingia analazimika kukunja, hivyo kasi inashuka yenyewe. Kinadai nafasi, pesa na usanifu unaoruhusu malori kugeuka. Kiombeni kama jambo la mbele. Taa za kuongozea magari siwashauri kabisa kwa makutano ya ukubwa huo.

Yapo mazingira ambayo ushauri wa maandishi hautoshi, mhandisi lazima aje asimame pale. Kama barabara zinakatana kwa mshazari, kama kuna kilima au kona ndani ya hizo mita 110, kama reli iko karibu, au kama ajali za namna moja zimejirudia hata baada ya kusafisha pembe. Na kama amefariki mtu, msingoje kipimo chochote. Barabara kuu za nchi na za mkoa ziko chini ya wakala wa serikali aitwaye TANROADS. Za wilaya, zikiwemo nyingi za mitaani, ziko chini ya wakala mwingine, TARURA. Njia panda yenu inaweza kuwa na barabara mbili za wasimamizi tofauti, kwa hiyo barua iende kote kuwili, ipitie kwa mtendaji na diwani, nakala kwa Kikosi cha Usalama Barabarani. Ambatanisheni picha za pande nne zilizopigwa usawa wa macho ya dereva, kipimo chenu cha kuonana, na orodha ya ajali: saa ngapi, nani alitoka upande gani, alikuwa akielekea wapi.

Kwenye hiyo orodha kuna kazi ndogo mbele yenu. Ajali nyingi za bodaboda humalizwa palepale, watu wanalipana taa na kioo wanaondoka, haziingii kwenye kitabu cha polisi. Mhandisi akienda kuuliza kumbukumbu anaambiwa mahali hapo hapana ajali, na ombi lenu linashuka chini ya mengine. Kaeni na viongozi wa kijiwe cha bodaboda kilicho karibu, wanazikumbuka zote na wanajua gari lilitokea upande gani. Na kuanzia sasa kila aliyeumia aripotiwe polisi na apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hata kama wahusika wameshaelewana kuhusu gharama.